Barua Mgongoni mwa Wimbo

Shemeji yangu, mwalimu wa bendi ya mji, ndiye aliyetunga wimbo ambao nchi nzima husimama wima ukipigwa. Yeye mwenyewe kwenye sherehe za serikali aliingia kwa mlango wa nyuma, pamoja na wabeba viti.

"Shukrani ya punda ni mateke," dada yangu alikuwa akimwambia. Shemeji alikuwa na dawa yake. Akikasirika aliwaandikia wakubwa barua kali, kisha asiipeleke popote. Na kwa kuwa karatasi aliionea uchungu kama fedha, upande wa pili wa barua aliandika noti za muziki.

Asubuhi ya kumpokea mkuu wa nchi, karatasi ya mpiga tarumbeta wa mbele ikararuka. Shemeji akanakili nyingine mbiombio, akaibana kwenye kibanio kilicho juu ya tarumbeta. Mpigaji huona noti. Aliye mbele yake huona mgongo wa karatasi.

Dada ndiye aliyeona kwanza. Tulikuwa nyuma ya kamba, karibu kabisa na bendi, tukitazamana nayo.

"Mdogo wangu, ule si mwandiko wa shemeji yako?"

Nikasoma: *Mnasimama wima kwa wimbo wangu, mimi hamnipi hata kiti. Hamna haya.* Watu walishafungwa kwa maneno machache kuliko hayo, na wengine hatukuwaona tena.

Mkuu alikuwa tayari anawakagua wapigaji, mmoja mmoja. Shemeji akageuka kumfuata, akakutana na maandishi yake mwenyewe. Nilijua hawezi kuichomoa ile karatasi mbele ya walinzi. Nami nikaanza kuwaza watoto wa dada nitawalaza wapi.

Mkuu akasimama mbele ya tarumbeta. Akainama, macho yakapita juu ya karatasi.

"Mwandiko mzuri," akasema, akampiga mpigaji begani, akaenda zake.

Nyumbani dada alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia. Shemeji hakuvua hata kofia.

"Aliinama karibu kiasi gani?" akaniuliza.

"Pua ilibaki kidogo iguse."

"Na hakusoma."

"Mshukuru Mungu, baba watoto," dada akasema. "Angesoma, saa hizi ungekuwa wapi?"

"Ningekuwa ndani," akajibu. "Lakini angejua ni mimi."

Tangu siku hiyo hakuandika barua nyingine. Wimbo pia hakutunga.