Mkalimani na Neno la Herufi Tatu

Mwaka wangu wa pili wa kufundisha, katikati ya miaka ya sabini, mwenyekiti wa kanisa letu pale Mukuyuni aliniita kando baada ya ibada, akaniuliza kama Kiingereza changu ni cha kuaminika. Nikamwambia nilipita vizuri chuoni. Aliangalia nyuma yake kabla ya kuongea.

"Jumapili ijayo kuna mhubiri mgeni. Kaa benchi ya mbele na daftari. Kila mahali mzee atageuza maneno, wewe andika."

Mzee mwenyewe alikuwa mkalimani wetu. Alikuwa amewapikia wamisionari karibu miaka ishirini, na Kiingereza chake alikitoa jikoni, si darasani. Mgeni alipohubiri, yeye alisimama ubavuni mwake, mkono mmoja mgongoni, akiyaleta maneno kwa Kikamba. Mgeni tulimtazama tu. Tuliyemsikiliza ni mzee.

Shida ilianzia kwenye mahubiri fulani kuhusu mtu anayesogeza mpaka wa jirani yake. Wakati huo mwenyekiti alikuwa akigombania na jirani mstari wa makonge uliotenganisha mashamba yao, na watu wengi waligeuza shingo kumwangalia. Tangu siku hiyo alishikilia kwamba mgeni hakutaja mipaka kamwe, ni mkalimani aliyeiongeza. Mimi sikuwako. Lakini nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, na kuaminiwa na mwenyekiti kulinipendeza sana.

Jumapili hiyo sikusikia mahubiri. Niliwinda. Mzee alipotumia maneno mengi kuliko mgeni, niliandika. Alipotumia machache, niliandika pia. Kisha mgeni akafungua Maandiko yake ya Kiingereza cha zamani, akasoma pale mtume anapowaeleza ndugu wa mbali, ambao hajawafikia, kwamba alikusudia mara nyingi kuwatembelea. Nikasikia wazi neno "let". Hilo nilikuwa nikilifundisha darasa la nne: kuruhusu. Mtume aliruhusiwa. Mzee, bila kusita, akasema mtume alizuiwa.

Nikalipigia mstari mara mbili.

Mkutano ulifanyika Jumatano katika chumba cha nyuma cha kanisa. Mzee naye aliitwa, akakaa na kofia yake magotini. Nikasoma kwenye daftari, nikamalizia na neno hilo. "Mgeni alisema kuruhusiwa, mzee akasema kuzuiwa. Ni kinyume kabisa."

Mzee hakukasirika. "Mwalimu," akaniuliza, "kama aliruhusiwa, mbona hakufika?"

Swali hilo liliniudhi. Nikasema kazi ya mkalimani si kufikiri, ni kutafsiri.

"Umesikia mwenyewe," mwenyekiti akamwambia. "Mtu akigeuza neno moja, amegeuza mengi."

Kazi ya mzee nikapewa mimi siku hiyo hiyo. Niliifanya karibu mwaka mzima. Yeye alikaa safu ya tatu, akiutazama mdomo wangu. Niliamini anangoja nijikwae, kwa hiyo nilitafsiri mbio mbio. Siku moja mgeni alisoma habari za siku ya mwisho, na neno "prevent" likatoka. Nikasema walio hai hawatawazuia waliolala mautini. Watu wakaitikia amina. Mzee peke yake aliinamisha macho, na macho hayo yalinisumbua wiki nzima.

Likizo ilipofika nilienda shule moja ya sekondari ambako rafiki yangu alifundisha. Maktabani kulikuwa na kamusi nene ya kueleza asili ya maneno. Nilipata kwamba "prevent" lilitoka Kilatini, kuja mbele, na zamani maana yake ilikuwa kutangulia. Basi walio hai hawatawatangulia wafu. Hapo nikakumbuka swali la mzee. Nikarudisha kurasa hadi "let".

Yalikuwa mawili. Herufi zile zile, lakini maneno tofauti. Moja la kuruhusu. La pili lilitokana na neno la kale la kuchelewesha, ndugu yake "late", na maana yake ilikuwa kuzuia. Waingereza wenyewe walikuwa karibu wameliacha. Nilisoma mara tatu, nikitafuta mahali ambapo kamusi ingekuwa imekosea.

Nilimwendea mwenyekiti kwanza, dukani kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Hata kama hilo moja alisema sawa," akasema, "mengine je?" Kisha akaniuliza polepole, "Umekuwa ukiongea na yeye?"

Jumapili iliyofuata, karani wa ghala la pamba alikaa benchi ya mbele na kalamu mkononi, akiniangalia mimi.

Ndipo nilipoenda kwa mzee. Nilimkuta akipepeta mbaazi uani. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sababu niliona aibu kukaa.

"Mke wa mmisionari ndiye aliyenifundisha Maandiko hayo ya Kiingereza," akasema. "Nilimuuliza swali lile nililokuuliza wewe. Akanieleza."

"Kwa nini hukusema siku ile mkutanoni?"

"Ningesema, mngeniamini?"

Nikauliza jambo lililokuwa likinikera muda wote. "Na habari za mpaka, mgeni alizisema kweli?"

Aliendelea kupepeta. "Wewe hukuwako, mwalimu. Nikikwambia, utaandika wapi?"

Alikataa kurudi kutafsiri, lakini alikubali nimpelekee mistari migumu kila Jumamosi. Tulisoma hivyo miaka mingi, mpaka alipofariki. Alinifunza maneno ambayo hakuna chuo kilichowahi kunitajia. Nami kila nilipotoka kwake niliyaandika, na likizo ikifika niliyapeleka kimya kimya kwenye ile kamusi nikayapima moja moja. Katika miaka hiyo yote nilimkuta amekosea mara mbili. Sikumwambia mtu yeyote.