Moto kwenye Bodi

Sabah binti Hilali hakuwa mtu wa kuambiwa jambo mara mbili, maana hata ya kwanza hakuitii. Pale Kisenyi, Kampala, uani nyuma ya duka la mashuka la ukoo wa mumewe, lilikuwapo lori kuukuu la boneti ndefu na milango ya kufunga kwa kamba. Aliachiwa na marehemu Bashir, mume wake. Umeme wake ulikuwa wa volti sita, na watani wa gereji walisema lori la sita kazi yake kusita.

Wacheke tu. Lori hilo lilivuka vita. Wanajeshi wa siku zile walipokuwa wakizoa magari ya watu walilijia pia, wakalikuta halina betri. Wakafunga ya kwao ya volti kumi na mbili, balbu zikapasuka na koili ikatoa moshi, wakaliacha na matusi juu. Betri yenyewe ilikuwa jikoni, imefunikwa mkeka, na juu yake amekaa Sabah akikaanga kabalagala, zile chapati ndogo za ndizi. Askari mmoja aliomba moja akaila amesimama ubavuni pake. Sabah akaendelea kugeuza nyingine. Askari alipoondoka ndipo Sabah alipolia, mpaka mafuta yakaungua.

Vita vikaisha, serikali mpya ikaingia, na ile betri, kwa kukaa bure, ikafa. Ya volti sita haikupatikana Kampala nzima. Hapo shemeji yake Junaid akapata la kusema. Alikwisha kupatana na wanunuzi wa vyuma chakavu waje Ijumaa baada ya swala, walikate kwa gesi vipande vipande. Sabah akasema halikatwi. Junaid akauliza basi litafanya nini, kupamba ua? Akajibiwa kwamba litatembea. Mwanamke akishika mali aliyoachiwa na mumewe huitwa mkaidi, na Sabah alilipokea jina hilo kama aliyepewa kanga mpya.

Akamwendea Wandera, Mkenya wa Busia, fundi wa umeme wa magari aliyekaa karibu na paki ya teksi. Wandera akalizunguka lori, akagonga huku, akanusa kule, akasema lililokufa ni betri, lori lenyewe lingali hai. Dawa ni kuligeuza liwe la kumi na mbili: betri, dainamo, koili, honi na balbu, vyote vipya au vya kutolewa kwenye magari mengine. Nyaya za zamani zibaki, kwa kuwa ni nene kuliko za siku hizi. Stata nayo itavumilia, mradi isikamuliwe kwa kubonyezwa mfululizo.

Junaid alipopata habari alikuja hadi jikoni. Safari hii hakufoka, na hilo ndilo lililomtisha Sabah.

"Shemeji, sita ndiyo iliyoliokoa lori hili," alisema. "Ukilitia kumi na mbili, askari yeyote, mwizi yeyote, ataleta betri yake aondoke nalo."

Maneno hayo yalimchoma, kwa sababu alikwisha kujiambia yayo hayo kitandani. Aliogopa kweli. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko hofu.

"Nimechoka kukalia betri, Junaid. Mali ninayoificha si yangu. Ni ya yule ninayemwogopa."

Ijumaa ikafika, na Wandera akabakiza waya wa mwisho. Mafundi wa Kisenyi upande wa chanya wa betri huuita moto, na ule wa pili, unaofungwa kwenye bodi, yaani chuma cha gari, huuita asi. Lori hili lilizaliwa kinyume, chanya kwa bodi, na Wandera hakutaka kuligeuza dini uzeeni. Basi akapaza sauti, akimwita Sabah kwa jina la mwanawe, "Mama Taqwa, sasa naweka moto kwa bodi!"

Junaid alikuwa dukani, upande wa pili wa ukuta. Alichosikia ni moto na bodi. Akatoka mbio akitangaza kwamba shemeji yake amemlipa Mkenya achome lori, afadhali liwe majivu kuliko kukatwa. Kufumba na kufumbua ua ukajaa watu na ndoo. Mama mmoja wa Kiganda hakuuliza swali, alimmwagia Wandera maji mgongo mzima.

"Nyabo," akasema Wandera, akimwita bibi kwa Kiganda huku akichuruzika, "mimi siungui."

Kicheko kilichozuka kilisikika hadi msikitini. Watu walipoelezwa wakaanza kutawanyika, Junaid akiwa wa kwanza. Sabah akawaambia wasiondoke. Kwa kuwa wamekuja kuona moto, wauone. Wakati huo wanunuzi wa vyuma nao wakaingia wakisukuma mtungi wao wa gesi.

Sabah akapanda, akaketi nyuma ya usukani ambao Bashir alimfundisha kuushika kwenye barabara ya Masaka. Vijana wakajipanga nyuma ya lori, tayari kulisukuma, kama yalivyosukumwa magari yote ya Kampala miaka ile.

"Asiguse mtu," akasema.

Akabonyeza stata. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Mmoja wa wenye gesi akaanza kufungua mpira wa gesi bila haraka. Wandera akamwonyesha Sabah kiganja: ngoja, usiikamue. Sabah akangoja, jasho likimwingia machoni, akimwomba Mungu na kumlaumu Bashir kwa pamoja. Akabonyeza tena. Lori likanguruma, moshi mweusi ukaujaza ua, na vigelegele vikaanzia kwa yule mama wa ndoo. Wenye gesi walilazimika kuuondoa mtungi wao njiani ili Sabah atoke nalo.

Karibu na Mengo palikuwa na kizuizi. Askari kijana akamsimamisha, akalitazama lori, akamtazama mwanamke wa hijabu aliyelishika.

"Nyabo, hii roli ya nani?"

"Yangu."

"Na mbona umewasha mataa mchana?"

"Ili mnione."

Askari akasita, kisha akainua kizuizi. Sabah akapita, taa zote zikiwaka, polepole kuliko ilivyohitajika.