Sauti Nene ya Mama Mdogo

Kaka yangu akipenda kitu, nyumba nzima itakipenda, mtake msitake. Aliponunua spika kubwa za gari lake alizifunga mwenyewe kwenye milango ya mbele, kisha akaja Ngamiani kumsikilizisha mama. Alikuwa amehamishia kwenye flashi kanda ya zamani ya maulidi ya akina mama, ambamo marehemu mama mdogo ndiye aliyeongoza kaswida. Redio ya kanda ya nyumbani ilikufa kitambo, na mama alikuwa na hamu ya sauti ile kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Alisikiliza kidogo, akatengeneza mtandio wake.

"Ahsante, mwanangu. Lakini huyu siye. Mdogo wangu alikuwa na sauti nene."

Kweli ilikuwa nyembamba, kama mtu anaimba ndani ya ndoo. Kaka alinywea. Nilimwonea huruma, ingawa kwa kawaida huwa namcheka.

Kesho yake akasema milango ni mitupu, ndiyo maana. Akapasua mito miwili ya sufi, akaishindilia yote ndani. Sauti haikunenepa, ila vioo viligoma kushuka, na jua la Tanga mnalijua. Tukaitoa sufi huku tukipiga chafya, mama akitutazama kutoka barazani.

Tulipomaliza nikachezea redio, nikapeleka sauti spika ya kulia peke yake. Ikatoka nene. Kushoto peke yake, nene vilevile. Zote mbili pamoja, ikakonda. Kaka akanitazama, kisha akaenda kufungua mlango wa kushoto. Nyaya za spika ile alikuwa amezigeuza, basi spika moja ikisukuma, nyingine inavuta, zinauana sauti.

Akazibadilisha. Tukamwita mama, akaketi kiti cha mbele, mkoba mapajani.

Mama mdogo akaimba, safari hii kwa kifua chake chote. Mama akafumba macho. Katikati ya ubeti sauti ikakatika, na kaka akarukia redio akidhani waya umechomoka.

"Iache," mama akasema. "Hapo alisahau."

Akayatamka maneno yaliyofuata, taratibu, akimkumbusha mdogo wake. Kwenye spika sauti ya mama mwenyewe, ya ujanani, ikayatamka nyuma yake, na mama mdogo akaendelea kuimba.