Alama ya Jembe Ndani ya Mfuniko

Ninayo diploma ya kutengeneza saa. Niliipata Uswisi, kwa lugha niliyojifunza nikiosha sufuria za watu. Sikupelekwa na serikali wala mjomba. Niliporudi nilijenga nyumba ya mawe Kabiria, mtaa wa watu wa kawaida hapa Nairobi, na hakuna aliyenichangia hata msumari. Nayasema haya mapema ili ijulikane ni mtu gani aliyepewa kiti cha pembeni siku ile, katika duka la vito katikati ya jiji.

Rafiki yangu Mhindi wa Parklands, mfanyabiashara wa vitambaa ambaye saa zake za ukutani nimezitunza tangu nirudi, alikuwa akimtafutia mkwe wake zawadi ya harusi. Alitaka saa ya mfukoni, ya dhahabu, yenye mnyororo, zile ambazo matajiri hununua ili wazifungie kabatini. Akaniomba nifuatane naye niikague. Nilivaa suti.

Muuzaji alivaa glavu nyeupe. Kabla ya kutuonyesha saa alitusomea ukoo wa mwenye kiwanda kilichoiunda. Babu wa kwanza alikuwa mkulima aliyechonga magurudumu ya saa msimu wa theluji; mwanawe akarithi benchi, mjukuu akalirithi, na mpaka leo, alisema, hakuna mkono wa nje uliowahi kugusa saa hizo.

Benchi hilo, kule Uswisi, nililikalia miaka mingi. Kushoto kwangu alikaa Mreno, kulia mama wa Kituruki aliyekohoa mchana kutwa. Huyo mwenye ukoo tulimwona Krismasi, akigawa chokoleti.

"Kwa hivyo fundi yake ni nani?" rafiki yangu akauliza.

"Fundi hapana, bosi. Fundi ni wa mabomba. Hii ni kazi ya msanii."

Nairobi hii, msanii ni yule anayekuuzia shamba la mtu mwingine. Nilicheka peke yangu.

Nikamwomba afungue mfuniko wa nyuma. Nikaweka lenzi yangu jichoni na pale, karibu na bawaba, nikaona mkwaruzo mdogo: kijiti chenye kichwa kilichopinda. Jembe. Kule kiwandani kila aliyeunga saa alikwaruza alama yake ndani ya mfuniko, ili saa ikirudishwa na kasoro ijulikane nani wa kukemewa. Mimi nilichagua jembe kwa ajili ya mama yangu. Saa zangu hazikurudi.

"Ah, mzee ameiona," muuzaji akasema, akiinamisha kichwa kama yuko kanisani. "Hiyo ni saini ya mwanzilishi. Si nimewaambia alikuwa mkulima?"

"Ni yangu," nikasema. "Niliikwaruza kwa mkono huu."

Akanitazama kuanzia viatu. "Mzee, usanii hapa hapana."

Nikamgeukia rafiki yangu. Alishakula kwangu mara nyingi, chini ya diploma yangu iliyo ukutani, na picha ya benchi lile ameishika mwenyewe. Neno lake moja lingetosha. Alikuwa akifuta miwani.

"Saa ni mzuri ama si mzuri?" akaniuliza.

"Ni nzuri. Niliiunga mimi."

"Basi. Hiyo ingine wacha, bwana. Nikisema imetoka kwa mtu ya Kabiria, wakwe watasema nini?"

Ningeweza kusema ina kasoro, akaiacha. Ulimi ulikataa. Kazi yangu siitukani.

Jumapili alinialika kwake. Saa ilipita mkono kwa mkono juu ya sahani za sambusa. Mkwe alipofungua mfuniko, rafiki yangu alimwonyesha lile jembe na kumsimulia, kwa sauti ile ile ya muuzaji, habari za mkulima, theluji na saini. Hakuruka hata neno. Chai yangu ilikuwa na iliki, lakini puani ilinijia kama mafuta ya mashine yaliyooza.

Binti yake ni msichana mwenye adabu. Akanigeukia. "Na anko, unajua mambo ya saa kama hii?"

"Huyu?" baba yake akasema, akinipiga begani. "Huyu ni fundi yetu. Kabla aende ataangalia ile ya jikoni."

Nilikwenda jikoni nikaishusha. Ilikuwa imeisha betri tu. Nikairudisha ukutani ikiwa imekufa vile vile, nikachukua koti langu nikaenda zangu.