Pua ya Mwanne

Bibi yangu Mwanne alikuwa Mrangi wa Kondoa, na pale Dodoma enzi za Mdachi, reli ilipokwisha kufika, kazi yake ilikuwa kunusa. Wagogo walileta samli katika vibuyu. Yeye alifungua, akanusa, akasema ndiyo au hapana. Mbwana, mwenye duka jirani na stesheni, hakununua samli ambayo Mwanne hajainusa.

Kisha vumbi la kiangazi likampa mafua yasiyokwisha. Uso ulimuuma kuanzia nyusi hadi meno, kichwa kikawa kizito, harufu ikatoweka kabisa. Hakumwambia mtu. Aliendelea kuinamia vibuyu na kuitikia kwa maringo, mwongo mkubwa, mpaka Mbwana akarudishiwa na wateja mzigo mzima umechacha.

"Mwanne," akasema Mbwana, "ukikosea tena natafuta pua nyingine."

Zipora wa Buigiri, mmoja wa wauza samli, ndiye aliyemwambia ukweli. "Mbukwa, dada," akamsalimu kwa Kigogo. "Wenzangu wamekwisha kujua kwamba hunusi kitu. Wanakuletea takataka." Akampa chumvi ya Bahi, aitie kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, aoshe pua asubuhi na jioni.

Kuosha pua! Bibi alicheka. Mwislamu gani asiyepandisha maji puani akitawadha? Akatia chumvi kiasi cha kuunga mchuzi, akavuta kwa nguvu, akarukaruka uani kama aliyeumwa na nyigu.

"Nani kakwambia upike mboga?" Zipora akamuuliza. "Onja kwanza. Yawe na chumvi ya machozi, basi."

Hapo mambo yakaenda vizuri. Asubuhi na jioni, akimaliza kutawadha, alivuta maji ya chumvi taratibu, akapenga kwa mkono wa kushoto. Uchafu ukatoka, uso ukawa mwepesi. Mwezi haujaisha, akasikia harufu ya moshi wa kuni. Aliketi chini akalia kwa furaha.

Kesho yake Zipora akaja dukani na kibuyu. Mwanne akanusa. Akanusa tena, akiomba awe amekosea.

"Zipora, mwenzangu, hii imechacha."

Mbwana alikuwa anasikiliza. Zipora akanusa mwenyewe, akanuna, akakifunga kibuyu chake.

"Ningejua," alisema, "ningekuacha na makamasi yako."

Akajitwika, akashika njia ya Buigiri. Bibi alitamani sana kumwita, lakini Mbwana alikwisha kumsogezea kibuyu kingine.