Waya Ambao Sikuusahau

Nasema mapema: nina hasira, na anayetaka maneno matamu akasome barua za uchumba.

Pale Kabambare nilikuwa karani wa redio ya Bulamatari, yaani serikali ya Wabelgiji. Ilikuwa redio ya kupokea tu. Kila asubuhi nilivaa visikizio, nikaandika habari zilizotumwa kutoka Kasongo, kwenye ofisi ya wakubwa wetu. Mkubwa wangu, Mbelgiji, alikuwa na mtambo wake mwenyewe wa kurusha sauti, wa kujifurahisha, akiongea na wapenda redio wenzake wa ng'ambo. Antena yake aliitundika hatua kumi tu kutoka kwenye yetu. Nguvu ya mtambo ule ikiingia kwenye redio ya kupokea, inaiunguza. Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu: mimi nachomoa waya wa antena yetu, naufunga kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini, naita "Tayari!", ndipo yeye anawasha. Miaka mitatu sikukosea hata mara moja.

Siku ile nilikuwa katikati ya ujumbe. Hakuniuliza. Akawasha. Kelele ikanipasua masikio, kisha kimya, na harufu ya kuungua.

Akaja mlangoni, uso mwekundu. "Nilifikiri iko tayari," akasema.

Jioni akaleta ripoti. Ilisema karani alisahau kuchomoa waya.

"Weka saini. Ni maneno ya karatasi tu. Kazi yako iko."

Niliisoma yote, neno kwa neno, nikatia saini. Cheka ukitaka. Kwetu, mdogo hubeba kosa la mkubwa wake mbele ya wageni. Kisha mkubwa humwita nyumbani, humchinjia kuku, na mbele ya ukoo hukiri kwamba kosa lilikuwa lake. Na mtu huyu alikuja kwenye matanga ya mama yangu, akakaa chini mkekani kama sisi. Nilimhesabu ndugu.

Mke wangu aliposikia aliacha kutwanga. "Baba, ule muzungu iko mukubwa wa kazi. Haiko mukubwa wa ukoo."

Nikamwambia anyamaze. Wiki mbili nzima nilingoja kuitwa, mjinga mimi.

Jibu la Kasongo lilikuja na lori la pamba. Nimefukuzwa kwa uzembe, na nisiajiriwe tena katika ofisi yoyote ya serikali. Nikamwendea mkubwa wangu mbio, kwa maana niliamini sasa ndipo atasema. Nilimkuta barazani akipangusa mtambo wake kwa kitambaa.

"Bwana, unajua ni wewe uliwasha. Sikuita tayari."

Hakukataa, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Aliingia ndani, akarudi na nakala ya ripoti, akaiweka mezani na kuigeuza upande wangu ili nisome vizuri.

"Hii saini iko ya nani?"

"Yangu, Bwana," nikajibu.

Akarudi kwenye kitambaa chake.