Tulizoa Matope Kabla Hawajafika

Yule bwana shamba wa wilayani aliniamkia shikamoo vizuri kabisa, kisha akaandika kwamba kihamba changu, shamba hili linalozunguka nyumba, hakikuathirika. Nilimwona akiandika. Alikuwa amesimama pale pale palipokuwa na migomba yangu, ambapo matope yalinifika kiunoni.

"Mama, mbona hapa ni safi?"

"Tumezoa, baba."

"Mimi naandika ninachokiona."

Nikamgeukia mwenyekiti wetu wa kijiji, nikijua atasema. Akawa anaangalia viatu vyake.

Masika ile, korongo la juu yetu hapa Kibosho lilipasuka alfajiri, likatushushia matope. Nilitokea dirishani na kanga moja. Kulipokucha, migomba haipo, kahawa haipo, na kaburi la mume wangu, ambalo liko humo humo kihambani kama tunavyozika wote huku, halionekani. Banda tu lilisalia, na ng'ombe ndani yake analia.

Ng'ombe wa kufungia ndani anakula migomba. Migomba ikienda, unanunua mabua yanayopandishwa kutoka tambarare, na mimi nilikuwa naishi kwa maziwa yake. Tukasikia serikali inatoa fedha za maafa kwa mashamba yaliyoharibika. Nilizitaka kwa jambo moja: mabua, mpaka migomba iote, ng'ombe wangu asitoke.

Ndipo mwenyekiti akaitisha msaragambo, kila nyumba itoe mtu na jembe. "Wageni wanakuja," alisema, "kijiji kisitutie aibu." Nani angekataa? Huku kwetu mgeni hakuti uchafu, na mjane haachwi na kaburi chini ya matope. Walianzia kwangu. Wanawake walizoa siku nne, kwa majembe na kwa karai, wakanipandia na machipukizi ya migomba waliyoyatoa kwao.

"Kaza mgongo wewe, unazoa kama unapakua uji!" mmoja alimpigia kelele mwenzake.

"Niache. Wageni wakifika hapa watadhani ni bustani ya padri."

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Kwake mwenyekiti hapakuzolewa. Matope yalikuwa yamelamba ukingo tu wa shamba lake, akayaacha. Tulipomuuliza alisema tumalize kwanza kwa wajane. Tukamwona mtu mwema.

Orodha ya watakaopewa fedha ilipobandikwa mlangoni pa ofisi ya kijiji, mimi niliishia darasa la saba lakini jina langu nalijua. Nilisoma kutoka juu hadi chini, nikarudi juu. Langu halikuwepo. La mwenyekiti lilikuwepo. Nilishuka Moshi kwenye maofisi mara tatu. Dirisha la kwanza wananipeleka la pili, la pili wananirudisha kijijini kwa mwenyekiti.

Ng'ombe alikonda mpaka mbavu zikawa za kuhesabu. Nikamuuza mnadani kwa mtu wa bucha, maana mfugaji hakumtaka. Machipukizi yale yakakosa samadi, yakawa ya njano, yakalala.

Baadaye mwenyekiti akaja na jani la isale mkononi. Asiye wa huku ajue: anayekuletea isale anaomba msamaha, na isale haikataliwi.

"Dada yangu, yaishe."

"Utaenda wilayani useme palikuwa na matope?"

"Yaishe, dada."

Nikalipokea. Ningefanyaje? Toka siku ile nikilalamika naambiwa wewe si ulishapokea isale? Walinifunga mdomo kwa heshima yangu mwenyewe, kama walivyoninyima kwa usafi wangu mwenyewe.

Basi naandika, maana isale ilifunga mdomo, haikufunga mkono. Mwenyekiti, ulijua wakaguzi wanatafuta matope, ndiyo maana ulituzolesha ukabakiza ya kwako? Na wewe bwana shamba, wanawake wote wale walikuwa wamesimama hapo na tope kwenye kucha. Kwa nini hukumuuliza hata mmoja? Njooni mjibu. Msije kwangu kwa siri na jani. Njooni ofisi ya kijiji, mchana, mbele ya wale wale waliozoa.